Bora risasi ya mbweha kuliko sumu yangu

Binamu yangu yuko Wales mwaka wa sita sasa, amepanga chumba kwa mzee mmoja mfuga kondoo. Machi iliyopita akanitumia video WhatsApp, giza tupu, mara unaona mwanga unazunguka shambani polepole kama ule wa mnara wa taa wa Ras Serani, Mombasa, unapita kondoo, unapita ua, halafu vidoti viwili vinawaka mbali kule. Vinasimama. Tup. Havipo tena. Video imekwisha, na mbweha kapigwa risasi.

Mimi na mdomo wangu nikaiweka kwenye grupu ya familia na hapo ndipo zogo lilipoanza, ati wazungu hawana imani, ati mnyama wa watu yuko zake kwenye matembezi ya usiku mnamvizia na taa na bunduki, na khalti yangu mmoja akauliza kwani huyo mbweha analiwa? Haliwi khalti. Sasa wamemuulia nini? Ukafika mjadala mpaka kwa nani anaoa lini, si mnajua grupu za familia. Mimi nilinyamaza siku nzima. Nilinyamaza kwa sababu nina langu, nitalisema hapa chini.

Kwanza huyo mbweha wao si huyu wetu. Ukienda Tsavo unamkuta mbweha mwenye mgongo mweusi, huyo ukoo wake uko karibu na mbwa na mbwa mwitu. Wa Uingereza ni mwekundu, mkia mnene kama brashi na mara nyingi ncha yake nyeupe, kilo sita saba tu, yaani hata hafiki uzito wa majogoo matatu wazuri. Ila usimuone mdogo. Akiingia banda la kuku hachukui mmoja akaenda zake, anaweza kuua wote waliomo halafu akaondoka na mmoja, asubuhi mwenye nyumba anakuta manyoya na maiti. Na msimu wa kondoo kuzaa, mwezi wa tatu wa nne huko, anamvizia mwanakondoo aliyetoka tumboni saa hiyo hata kusimama hajaweza. Kwa hiyo mzee yule akitoka usiku si kwa sababu amekosa usingizi.

Sasa sikilizeni inavyofanywa, maana binamu alishawahi kwenda naye mara tatu akishika taa. Wanatoka watu wawili na pikapu, mmoja wa taa mmoja wa bunduki, usiku usio na mbalamwezi. Wa taa anazungusha mwanga polepole, hautulizi mahali pamoja. Nyuma ya jicho la mbweha kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, ndiyo maana macho yanawaka, sawa na paka wako ukimmulika na simu. Wakiyaona, mzee anaweka mdomo nyuma ya kiganja chake anafyonza, anatoa kisauti kama cha sungura aliyeumia, na mbweha mwenyewe anakuja mbio kufuata chakula! Taa nyingine zina kioo chekundu mbele, hiyo inamshtua kidogo zaidi kuliko nyeupe. Siku hizi wengi wameshaacha taa kabisa wana darubini zinazoona joto la mwili gizani, lakini mzee wa binamu ni wa zamani, anasema taa inamtosha.

Lakini kuna kitu kimoja binamu alikirudia mpaka nikachoka. Hupigi macho. Macho ni macho tu, kondoo anayo, mbwa wa jirani anayo, paka anayo. Unangoja mpaka uone mwili mzima, masikio, mkia, anavyotembea, halafu unaangalia nyuma yake kuna nini. Kama nyuma ni mbingu, yaani kasimama juu ya mgongo wa kilima, hupigi hata kama umemngoja wiki. Lazima nyuma pawe na udongo wa kumeza risasi. Anasema usiku mmoja walikaa masaa manne kwenye baridi ya kukata masikio wakarudi bila kufyatua hata moja.

Na sheria yao hawaichezei. Kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa, ile michezo ya matajiri na farasi na makoti mekundu, ilipigwa marufuku England na Wales kwa sheria ya 2004 iliyoanza kufanya kazi Februari 2005. Kupiga kwa bunduki na taa kumebaki halali, lakini bunduki yenyewe hupati bila cheti cha polisi, na polisi wanataka kujua unaitakia nini. Mtu ana kondoo, ana shamba, ana sababu.

Haya, mimi sasa.

Mimi nafuga kuku hapa Kisauni, Mombasa, kuku wa kienyeji, si wengi, na mwaka juzi wakaanza kuisha. Leo tetea, kesho vifaranga wanne, kesho kutwa jogoo niliyemtoa Malindi kwenye buti ya matatu. Majirani kila mmoja na jina lake, huyu anasema fungo, huyu kanu, huyu anasema nguchiro (nguchiro gani wa saa nane usiku, wengi wao ni wezi wa mchana), na mmoja akasema ni watu. Nikaamua kuvizia. Nikakaa kwenye ngazi na kijana wa jirani, mimi na tochi yeye na manati, mpaka saa nane na nusu yakawaka macho mawili kule kwenye ukuta. Kijana akavuta mpira. Nikamwambia piga! Wallahi nilimwambia mimi mwenyewe. Likatoka jiwe likagonga bati, na kumbe ni mbuzi wa watu kapanda kwenye mawe ya ujenzi. Hebu fikiria ingekuwa bunduki.

Basi baada ya hapo nikashikwa na hasira na uvivu kwa pamoja, na vitu hivyo viwili vikikutana kichwani mtu si mtu tena. Nilikuwa napita soko la Kongowea nikamsikia yule muuza sumu wa spika, panya mende kunguni, panya anafia hapo hapo, nikanunua vipakiti viwili. Usiku nikapaka kwenye matumbo ya kuku nikaweka nyuma ya banda. Nikalala vizuri kabisa, hiyo ndiyo inayoniuma nikikumbuka.

Niliamshwa na sauti kama saa kumi. Alikuwa paka wa bibi wa nyumba ya pili, yule wa rangi ya machungwa, amelala ubavu kwenye saruji miguu inapiga hewa, povu mdomoni, anatulia kidogo halafu inamshika tena. Sikujua nifanye nini. Nilileta maziwa, sijui nani alinidanganya kwamba maziwa yanasaidia, hakuweza kumeza. Adhana ya alfajiri ikalia yuko hai. Niliswali nikarudi yuko hai. Alikufa jua limeshatoka. Na nyuma ya mpapai nikamkuta mwewe kalala kifudifudi mabawa wazi, naye nadhani alimalizia yale matumbo asubuhi. Mwizi wa kuku zangu sikumuona, na usiku uleule alichukua tetea mwengine.

Sasa rudi kwenye ile video. Risasi za bunduki wanazotumia kwa mbweha zinakwenda karibu mita elfu moja kwa sekunde, sauti inakwenda mita mia tatu na arubaini. Mbweha akiwa mita mia, risasi inamfikia kwa kama sehemu ya kumi ya sekunde, mlio unapofika yeye hayuko tena. Paka wa bibi nilimhesabia mimi mwenyewe, kuanzia saa kumi mpaka jua kutoka. Halafu sisi ndio tunaowaambia watu wa Wales hawana imani! Sisi ambao hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka mpaka akafa tumesomeshwa madrasa tukiwa wadogo.

Sisemi yule mzee ni malaika. Binamu mwenyewe anasema kuna siku risasi ilimpata mbweha vibaya, akakimbilia shimoni, wakatafuta na tochi mpaka asubuhi hawakumpata, na hiyo haina tofauti kubwa na nilichofanya mimi. Na wako wanaokuja kutoka mjini kufurahia tu, wapige, wapige picha, waondoke, hawana hata kuku mmoja, hao sina la kuwatetea. Ila mtu anayetoka mwenyewe, anamwangalia mnyama aliye mbele yake, anajua ni huyu si mwengine, na akiwa na shaka anashusha bunduki, huyo ana heshima kuliko mtu anayetega sumu akaenda kulala. Sumu haiulizi wewe nani. Ndivyo simba wengi wa nchi hii walivyouawa na dawa ya wadudu iliyowekwa kwenye mizoga, na tai pamoja nao.

Mtaniambia mbona kunguru. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza 2024 mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja, na sumu ni mojawapo ya njia. Sawa, lakini ile ni dawa iliyochaguliwa kwa ajili ya ndege hao, inawekwa na watu waliofundishwa. Si kipakiti cha mwenye spika.

Na kabla hamjaanza, siwaambii mtafute bunduki. Kuwinda kwa starehe kulikatazwa Kenya tangu 1977, sheria ya wanyamapori ya 2013 imekaza zaidi, na hata ingeruhusiwa, Kisauni utapata wapi kilima cha kumeza risasi? Hapa ukikosa mnyama umempata mtu kitandani nyumba ya nne.

Nilichofanya mimi ni kile nilichokuwa nakiogopea gharama tangu mwanzo. Nimetoa wavu wa zamani ule wa matundu makubwa, nimeweka weldimeshi ya matundu madogo, chini nimechimba nikaizika, mlango nimeweka komeo mbili. Elfu saba na mia mbili pamoja na fundi. Kanu (kumbe alikuwa kanu, mwembamba, madoadoa, mkia wa mapete) bado anapita juu ya ukuta karibu kila usiku, nikimmulika anasimama ananiangalia kwa yale macho kisha anaendelea na safari yake. Kuku hajapungua hata mmoja tangu Ramadhani.

Bibi alimtafuta paka wake wiki mbili, anapita na kisahani anaita. Sasa amepata mwengine, mdogo, mweupe ana doa jeusi sikioni, na kila Ijumaa bibi anakuja kwangu kuniomba vichwa vya samaki vya huyo paka, nami nampa, ananiombea dua ndefu pale mlangoni, na bado sijamwambia.