Mimi na Megumi wa sehemu ya 5

Watu wakiizungumzia anime (katuni ya Kijapani) ya A Place Further Than the Universe hukimbilia sehemu ya 12, ile ya kompyuta mpakato. Sawa, mimi pia nililia. Shirase, mmoja wa wahusika wakuu, anaiwasha kompyuta ya mama yake aliyepotelea Antaktika, na barua pepe alizokuwa akimwandikia marehemu zinaanza kumiminika, hakuna hata moja iliyosomwa. Lakini ukiniuliza mimi, sehemu ya 5 ndiyo kiboko, na mwenye sehemu hiyo ni msichana ambaye hata safari yenyewe hakwenda.

Kwa ambaye hajaiona: ni anime ya sehemu 13 kutoka studio ya Madhouse, iliyoongozwa na Atsuko Ishizuka na kurushwa Japani mwanzoni mwa 2018. Wasichana wanne wanasaka njia ya kufika Antaktika. Shirase amedunduliza yeni milioni moja kwa vibarua huku wenzake shuleni wakimcheka. Bahasha ya fedha hizo inamdondoka stesheni, Kimari, mwanafunzi wa shule hiyohiyo, anaiokota, na mambo yanaanzia hapo.

Sasa, Kimari ana shosti wake wa tangu utotoni, Megumi. Huyo ndiye wa kumshauri, kumtuliza, kumwambia "hilo hutaliweza." Alfajiri ya kuondoka, Kimari anatoka nje na kumkuta amesimama. Megumi anakiri: umbea wote uliosambaa kuwahusu Kimari na Shirase ni yeye aliyeueneza. Anataka urafiki uishe, kwa sababu Kimari asipomtegemea, yeye anabaki mtupu.

Hapo nilisimamisha video. Kidato cha tatu, rafiki yangu alichaguliwa kwenda mashindano ya mdahalo mkoani. Nikamwambia, "Kwa Kiingereza chako hicho? Utaenda kuchekwa." Nililisema kwa upole kabisa, kama dada mkubwa. Kumbe nilichokuwa nakiogopa ni wiki nzima ya kula peke yangu. Hakwenda. Mpaka leo sijamwambia.

Kimari hatoi hotuba. Anamkumbatia Megumi kwa nyuma, anamwambia kuvunja urafiki hakukubaliki, kisha anashika njia yake. Basi.

Samahani kwa ambao nawamalizia utamu, ila sehemu ya 13 siwezi kuiacha. Kimari amerudi nyumbani, anamwandikia Megumi kwamba amefika. Jibu linakuja na picha: Megumi na nguo nzito za baridi, anga la kijani nyuma yake. Yuko Aktiki, kule Ncha ya Kaskazini! Nilipiga ukelele saa saba usiku, mama akagonga ukuta.