Ndoo Iliyoingia Katika Tasnifu Yangu

Wiki tatu zilizopita niliwasilisha tasnifu yangu ya shahada ya kwanza, kurasa 58 kuhusu msamiati wa mafundi wa majahazi wa Matondoni, katika kisiwa cha Lamu. Kazi hiyo ilinichukua miezi minane, na mitano kati yake ilikwenda katika kuandika mambo ambayo hatimaye yalifutwa yote. Naeleza kisa hiki kwa sababu siamini kwamba kosa lilikuwa langu peke yangu.

Aliyefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, anaikumbuka Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili: insha mbili, ya kwanza ya lazima, kila moja isipungue maneno 400. Shuleni kwetu tulijiandaa kwa kukariri. Nilikuwa na daftari lililojaa methali, tashbihi na vianzio, na hadi leo naweza kukutolea bila kusita jua la matlai likichomoza, ndege wakitumbuiza na umande ukimetameta, hata kama insha yenyewe inahusu ufisadi. Nilipata alama nzuri. Sikumbuki hata siku moja nilipoulizwa kama jambo nililoliandika nililiona.

Basi rasimu yangu ya kwanza ilifungua hivi: "Tangu jadi na jadudi, bahari imekuwa chemchemi ya uhai wa waja." Msimamizi wangu aliipigia sentensi hiyo mstari, akaandika pembeni kwa kalamu ya kijani: "Nani? Lini? Umejuaje?" Maswali hayo matatu yalijirudia karibu kila ukurasa, hasa pale nilipojificha nyuma ya "inaweza kusemwa kwamba" na "suala zima la". Nilikasirika, nikidhani hapendi Kiswahili kitamu.

Kilichonizindua ni ndoo. Mimi ni mtu wa bara, na Kiswahili changu ni cha darasani, yaani kile sanifu ambacho msingi wake ni Kiunguja, kama ilivyoamuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kwamba katika Kiamu, lahaja ya Lamu, macho ni mato, kichwa ni kitwa na leo ni yeo, nililijua kwa ajili ya mtihani wa lahaja. Sikio langu halikulijua. Katika rekodi moja, fundi anasikika akipigilia pamba kati ya mbao, kisha anapaza sauti kumwita kijana wake: "Ndoo!" Nami nikanukuu ndoo. Katika jedwali la vifaa, baada ya msumeno, keekee na patasi, nikaiweka ndoo. Na kwa kuwa jedwali linahitaji maelezo, nikaandika aya nzima kuhusu umuhimu wa ndoo katika kubebea mafuta ya kupakia chombo.

Msimamizi wangu, aliyekulia pwani, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, anamwambia njoo."

Kosa la sikio linasameheka. Lililoninyima usingizi ni ile aya. Nilikuwa nimekaa katika karakana ile siku nne, na hapakuwa na ndoo. Mafuta yalikuwa katika kopo la rangi lililokatwa mdomo, nami nililiona kwa macho yangu. Hata hivyo aya ilitiririka, ikawa na tamathali mbili na hitimisho, na hakuna mahali iliponikwama hata nikajiuliza ninaandika nini. Huo ndio ufundi niliokuwa nimefuzu shuleni.

Tangu siku hiyo nililazimika kuandika upya huku nikisikiliza rekodi, sentensi kwa sentensi. Hii hapa moja iliyonichukua alasiri nzima: "Fundi hupigilia pamba iliyolowa mafuta katika nafasi iliyopo kati ya ubao na ubao ili maji yasipenye, na kazi hiyo huitwa kukalafati." Haina pambo lolote, lakini naipenda kuliko insha zangu zote za sekondari.

Najua nitaambiwa kwamba mwanafunzi wa bara, asiye na Kiswahili nyumbani, hana pa kuupata msamiati isipokuwa katika daftari kama lile langu. Ni kweli, na huenda bila daftari lile nisingeipenda lugha hii hata nikaisomea. Ninacholalamikia ni kwamba tulipewa mapambo kabla ya kupewa kitu cha kupamba. Mwalimu angeweza kututuma sokoni kwa saa moja, tukarudi kuandika jinsi muuza samaki anavyopaa changu, na methali ikaja baadaye kama ina nafasi.

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi nakala, naye akamtaka mjukuu wake amsomee orodha ya maneno iliyo mwishoni: mkuku, taruma, foromali na mengineyo. Alinipigia simu jioni. Aliyakubali yote isipokuwa mawili. La kwanza alisema ni la mabaharia wala si la mafundi. La pili hajapata kulisikia tangu azaliwe, na akaniuliza nimelitoa wapi. Nimerudi kwenye rekodi mara kadhaa. Mahali pale nyundo inalia juu ya sauti yake, na tasnifu imekwisha kufungwa jalada gumu.