Namba yangu iliwekwa rehani

Meseji iliingia alfajiri kutoka namba nisiyoijua. Ilimtaja kwa majina yake kamili fundi cherehani aliyewahi kunishonea, ikambandika picha, ikamwita tapeli na kunitaka nimwambie alipe deni. Hiyo ilikuwa mwaka 2022. Sikuwa nimemdhamini, wala sikujua kama amekopa. Namba yangu ilikuwa tu kwenye simu yake.

Yakitokea haya, watu humlaumu aliyekopa, au yule kijana anayelipwa kutuma matusi. Mimi nataka tumtazame aliyeiunda aplikesheni ya mikopo ya simu iliyoichukua namba yangu kwenye simu ya fundi.

Wazo la mwanzo lilikuwa jema. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, watu waliokuwa mbali na benki walianza kuwa na kumbukumbu ya fedha zao. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kupitia M-Pesa, na mama mboga wa Nairobi akaweza kukopa bila hati ya nyumba wala barua ya mwajiri. Hilo nalisifu mpaka leo.

Aplikesheni zilizofuata ziliomba zaidi: zisome meseji zako, zijue ulipo, zichukue majina yote uliyoyahifadhi. Hoja ilikuwa kwamba asiye na historia benki atapimwa kwa simu yake. Lakini orodha ikishatoka kwenye simu yako, huna tena la kusema juu yake. Mkopaji akichelewesha marejesho, majina yaliyokusanywa ili aaminiwe yanakuwa fimbo ya kumchapia. Mikopo ya namna hii huku kwetu tunaiita kausha damu, na aliyeipa jina hilo hakukosea.

Nimesikia utetezi kwamba waundaji hawakukusudia. Siukubali. Kwetu deni ni siri ya mtu, na jina lake ndilo mtaji wake. Unapochukua namba za wakwe zake, za bosi wake, za imamu au mchungaji wake, kisha ukazikabidhi kwa mtu anayemdai, unahitaji utafiti gani kujua zitafanyiwa nini? Swali hilo lingeulizwa mezani kabla mstari mmoja wa programu haujaandikwa. Tena kitufe cha kuruhusu alikibonyeza mkopaji peke yake. Mimi na wenzangu tuliokuwa kwenye orodha hakuna aliyetuuliza.

Sheria zimekuja zikihema nyuma. Kenya iliiweka mikopo hii chini ya Benki Kuu kwa sheria ya mwaka 2021. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Katikati yake, mwaka 2023, Google ilizikataza aplikesheni za mikopo zilizo kwenye duka lake kugusa orodha ya majina na picha za mtumiaji. Na hapo ndipo hasira yangu inapozidi, kwa sababu mikopo haikukoma. Watu wanaendelea kukopeshwa kila siku. Kumbe majina yetu hayakuwa ya lazima, na aliyeyaomba angeweza kuyaacha tangu mwanzo.

Nilikwenda kumwona yule fundi. Alikuwa amekopa anunue vitambaa vya sare za shule. Kwa aibu alikuwa ameitupa laini yake, na wateja wake wote walikuwa na namba ile ya zamani.