Damu puani si sumu kila mara
Kuna habari inayodai kwamba mbwa wa kuwinda au kuchunga akitokwa damu puani basi kalishwa sumu. Eti ni kweli? Sumu ya panya huweza kufanya hivyo, sikatai, lakini huku Dodoma anzeni na kupe: chungulieni ndani ya masikio na katikati ya vidole. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza erlikia, kijidudu kinachopunguza chembe sahani, zile chembe za damu za kugandisha, hadi damu ishindwe kuganda. Kabla ya damu huja homa, kukonda, ufizi kupauka, mbwa hodari kuchoka mapema. Tiba ni antibiotiki iitwayo doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, yaani vidonge 2 vya miligramu 100 kwa mbwa wa kilo 20, pamoja na chakula, siku 28. Wengi huacha mara tu mbwa anapoanza kula, ugonjwa ukarudi. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, msimpe kabisa, huzidisha kuvuja damu. Na kumwogesha mbwa dawa ya kupe tu hakutoshi: kupe huyu hutaga kwenye nyufa, na nyumba ya tembe ya udongo ina nyufa tele, kwa hiyo pulizieni kuta dawa pia, kisha pulizieni tena baada ya wiki 2 au 3. Wa Bahi na Chamwino, nani anamjua daktari wa mifugo mwenye darubini ya kupimia damu?