Mgongo Wangu Umekuwa Mali ya Umma

Leo asubuhi dukani shilingi mia mbili yangu imeniponyoka, ikabingirika mpaka mbele ya friji ya soda. Nikaanza kuinama. Ninyi wenye migongo mizima mnainama tu. Sisi wengine tunashuka kwa awamu: unatafuta pa kushika, unakunja goti moja, unamtaja Mwenyezi Mungu, ndipo unaendelea. Nikiwa awamu ya pili, kijana wa nyuma yangu, ndevu zenyewe bado zinaomba kibali, akasema, "Acha mzee, nikuokotee."

Mzee! Nina miaka 41. Akaiokota, akanikabidhi kwa mikono miwili na kichwa ameinamisha. Nikamshukuru kwa sauti nzito ya mtu wa cheo, nikatoka, na sukari niliyoifuata nimeiacha palepale kaunta.

Kisa cha mgongo wenyewe ni hiki. Msimu wa korosho, ghala la chama cha ushirika, Fuso imejaa nusu, karani anataka kufunga daftari akale. Gunia kilo 80. Aliye juu kazi yake ni kusema "shika" halafu aachie. Wangu aliachia, halafu akasema "shika". Gunia lenyewe halikupata hata mchubuko. Lilipimwa, likaingia mnadani, likapata mnunuzi, likapanda meli hapo bandarini kwetu kwenda kubanguliwa ughaibuni. Limesafiri. Mimi nimebaki hapa Chikongola, Mtwara, na mgongo.

Tangu hapo mji mzima ni daktari wangu. Jirani kasema nilale sakafuni. Shemeji kasema nilale juu ya ubao, na shemeji ni seremala. Bibi mmoja wa kukanda alinipaka mafuta ya ufuta, akaomba radhi kwa marehemu wangu wote, kisha akapanda juu. Na mwenye kupenda kuonekana ana upeo ataniambia, "Wewe nenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili." Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 500, ndugu yangu. Mnazi Mmoja, Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri, umekaa, magoti yamegusa kiti cha mbele na ndoo ya mtu iko mapajani. Nikifika Mbagala hata nilichoenda kutibiwa sitakikumbuka, kutakuwa na kipya.

Hospitali nimeenda, jina lake nalihifadhi. Benchi la pale ni mbao tatu, na ya katikati haipo. Nimekaa hapo toka alfajiri mpaka jua limehama dirisha. Kuingia ndani, daktari ananiambia, "Baba, epuka kukaa muda mrefu." Nikamtazama. Akanitazama. Akaendelea kuandika. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa imenyooka, haina ufa, na akanieleza vizuri kwamba eksirei kazi yake ni mifupa. Neva, yaani mishipa ya fahamu, na vile vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo havionekani humo. Kwa hiyo nimelipia picha ya sehemu isiyoniuma. Halafu yakaja maswali, mlango uko wazi, benchi zima linasikiliza: "Mkojo unauzuia? Choo je? Ukijifuta, unahisi?" Yana maana, simlaumu, anayejibu vibaya hapo harudishwi nyumbani na vidonge, anakimbizwa, maana neva za huko chini zinabanwa na zinaweza kufa. Lakini jamani, mlango! Nikajibu, "Nahisi." Akasema, "Sauti." Nikapaza, "NAHISI!" Nilipotoka, mama mmoja benchini akaniambia, "Alhamdulillahi, baba."

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni Feri, soko letu la samaki.

Feri nilikwenda kutafuta pweza. Dawa haikuwamo kwenye hesabu. Karibu na wakaanga samaki kasimama jamaa ana koti la suti juu ya msuli, meza ya chupa, na spika inayojisemea yenyewe: "Mgongo! Kiuno! Ganzi! Mguu kuwaka moto! Choo kigumu! Ndoa baridi!" Ilipofika kwenye mguu kuwaka moto, mguu wangu wa kushoto ukasimama. Sikuusimamisha mimi.

Jamaa akazima spika. "Baba, sogea. Wenzangu, mnaona baba anavyosimama? Bega moja limepanda, moja limeshuka. Kiuno kimefunga." Watu wakageuka. Nikasema kwa utulivu, "Nilidondokewa na gunia." Akawageukia watu, uso umejaa huruma. "Ndivyo wanavyosema. Wengine gunia. Wengine baiskeli. Wiki iliyopita mmoja kaniambia ngazi." Watu wakaguna. "Baba, swali moja tu. Nyumbani kwema?"

"Kwema."

"Kwema kabisa?"

"Kwema."

"Kwema mpaka asubuhi?"

Hapo wavuvi wakacheka, na mvuvi akicheka hata walio majini wanajua kuna jambo nchi kavu. Mama mmoja muuza ngisi akasema, "Mwacheni baba wa watu," ila kisu alikiweka chini asikilize vizuri. Nikaona heshima yangu inapotea, nikaamua kuiokoa kwa elimu. Nikawaeleza kama nilivyoelezwa: kati ya pingili na pingili kuna kitu laini, mtu akipata kishindo kinaweza kusukumwa nje ya mahali pake, kikakandamiza neva inayoshuka mguuni, ndiyo maana unaumwa mgongo lakini moto unawaka kwenye kigimbi. Nilieleza vizuri. Hata mimi nilijisikia vizuri.

"Amesoma huyu!" akapiga makofi. "Mpigieni makofi!" Wakapiga. Kisha akakunjua chati ya mwili wa binadamu, imechakaa, sehemu zote zimefifia isipokuwa moja. Akachukua fimbo. "Neva, kama alivyosema daktari wetu, inatoka hapa mgongoni. Inashuka hapa. Sawa, daktari?" Sawa. "Mguuni. Sawa?" Sawa. "Sasa niambie, inaishia huko?" Fimbo ikapanda tena taratibu, ikakata kona, ikatua mahali ambapo mimi sikuwa nimemkaribisha mtu.

Nikageuka niondoke. Nyuma yangu, hatua mbili, doti ya kanga ninayoijua. Naijua kwa sababu niliinunua mimi, sikukuu ya Idi. Mama mkwe. Ndoo ya changu kichwani, ametulia, hajulikani amefika saa ngapi. Kwetu mtu na mkwewe hata kutazamana usoni hamtazamani. Nikikutana naye njiani mimi huhamia upande wa pili, salamu natuma kwa mbali. Siku hiyo tumesimama wote wawili mbele ya chati.

"Mama yangu," jamaa akamwita, "wewe ni mtu mzima, mshauri mwanao."

Mama mkwe hakunitazama, adabu ni adabu. Alifungua fundo kwenye pindo la kanga, akahesabu noti, akaziweka mezani. "Mpe," akasema. "Ile kubwa." Akaenda zake.

Nilipofika nyumbani na chupa, mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa ameshapigiwa simu na watu wasiohusiana. Chupa iko juu ya kabati. Inanuka karafuu na kitu kingine. Siinywi, na siwezi kuitupa, maana aliyeilipia anakuja Jumapili, ataitazama imefika wapi.

Mgongo, jamani. Mgongo! Nasema mgongo, watu wanasikia mengine! Usiku sipati usingizi. Nikigeuka naamka, nikiamka nasubiri kukuche. Zuhura ana miaka minne, akininyooshea mikono nimbebe najifanya naangalia simu. Na kibarua asipobeba hali. Kuna mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, sheria yake ni ya mwaka 2008, mwajiri ndiye mchangiaji na ndiye wa kutoa taarifa mtu akiumia. Safi sana. Mwajiri wangu nani? Karani anasema ni chama. Chama kinasema ni msafirishaji. Msafirishaji anasema muulize mwenye Fuso. Mwenye Fuso anasema wale huwa wanakuja wenyewe. Basi nilikuja mwenyewe, nikajidondoshea mwenyewe!

Aliyenisaidia kidogo ni dada wa fiziotherapia. Kasema maumivu yakishapita miezi mitatu, kitanda hakiyatibu, mwili ukilazwa unazidi kulegea. Nitembee kila siku, na kuna zoezi la kulala chali na kunyanyua kiuno. La chali nafanya mlango umefungwa na pazia limeshushwa, baada ya Feri sitaki maelezo na mtu. La kutembea ndilo lina kesi. Jaribu wewe, mwanaume mzima, kutembea jioni mpaka Shangani na kurudi, huna mzigo, huna baiskeli, huna unakokwenda. "Baba Zuhura, wapi?" Natembea tu. "Nyumbani mmegombana?" Juzi bodaboda mmoja kanifuata mtaa mzima akinishushia bei, mwisho akasema nipande bure, atakuja kudai siku yoyote nitakayokuwa nayo.

Halafu kuna misiba. Wanaume tunakaa kwenye mikeka, nami mkekani naweza kushuka, kupanda ndiyo shughuli. Nikiomba kiti wanasema huyu naye anajiona diwani. Nikisimama wanadhani nimekuja kudai deni kwa marehemu. Nikaenda kwa yule anayekodisha viti vya plastiki, nikamwambia aniuzie kimoja, niwe nakwenda nacho. Akasema haviuzwi, vinakodishwa, na kukodisha ni kuanzia viti 50. Nikamuuliza, mtu mmoja viti 50 nitavifanyia nini? Akasema kwa huo mgongo ninavyouona, baba, wewe lipa nusu, turubai nitaongeza bure.