Choo Kimecheua

Masika yakiingia, wenzangu mnaangalia juu. Mwenzenu naangalia chini, kwenye tundu la choo. Wingu likitanda tu upande wa baharini, nachuchumaa bafuni nasikiliza. Kikisema "blubu", nimekwisha.

Nakaa Kariakoo, ile sehemu inayoteremkia Jangwani. Zamani nilipanga juu kidogo ya mtaa huohuo, kodi ikanishinda nikashuka. Dalali akanipamba: "Bosi, hapa choo kimeungwa kwenye bomba kubwa la majitaka, hakuna mambo ya kuita gari la kunyonya." Nikaona nimeukata. Dar hii watu wengi bado wanategemea mashimo, mimi namwaga maji tu, safari njema. Dalali hakuniambia kwamba safari yenyewe ni ya kwenda na kurudi.

Jumanne iliyopita mvua ilipiga saa moja tu. Jangwani wakafunga barabara, mabasi ya mwendokasi yakakatisha safari, hayo tumeshayazoea. Niko sebuleni na sahani yangu ya wali, nikasikia choo kinacheua. Ndiyo, kinacheua, kama ng'ombe chini ya mti. Nikakimbilia bafuni. Maji yanapanda polepole, hayana haraka, yakafika ukingoni yakatulia kidogo kama mgeni anayepiga hodi, halafu yakaingia ndani bila kukaribishwa. Yamekuja na machicha ya nazi. Sisi kwetu nazi tumeiaga tangu ipande bei. Likafuata ganda la hoho. Na uani nako mfuniko wa chemba, lile shimo la kukagulia bomba la majitaka, ulikuwa unachezacheza kama wa sufuria iliyochemka, ukainuka, ikatoka kandambili ya mtoto, mguu wa kushoto. Mama watoto akaikagua, pua kaibana kwa kanga: "Hii ya yule wa nyumba ya kona." Wali nikampa paka. Paka naye akaunusa, akaondoka zake.

Nikaita fundi wa kuzibua. Kijana akasukuma waya wake mpaka ukaishia mkononi, akauvuta, akaunusa (kila kazi ina watu wake), akanitazama kwa huruma.

"Bro, bomba halijaziba. Limeshiba."

Akanieleza kwamba majitaka yana bomba lake na maji ya mvua yana mtaro wake, hawa wawili hawatakiwi kukutana kabisa. Akaokota kipande cha mkaa akaanza kupiga hesabu kwenye ukuta nilioupaka rangi Idi. Bati la nyumba yetu ni kama mita 10 kwa 12. Ikinyesha mvua ya milimita 50, bati hilo moja linakusanya lita 6,000. Matangi sita ya lita elfu moja! Yote yanataka kupita, kwa wakati mmoja, kwenye bomba jembamba lililowekwa likisubiri watu wanaokoga na kwenda haja kwa zamu. Na hapo hujahesabu mabomba yaliyozeeka, viungo vimeachia, maji ya ardhini yanapenya humo taratibu. Ndiyo maana hata mvua ikikatika, jua likiwaka, chemba bado inahema.

"Sasa nani kaunga bati kwenye chemba?" nikauliza.

"Mtafute," akasema, akadai elfu thelathini zake.

Nikaenda dukani kwa mangi, nikanunua bluu ya kufulia. Nikaikoroga kwenye ndoo, nikapanda ngazi, nikamimina yote kwenye gata la baba mwenye nyumba, ule mfereji unaokinga maji ya bati. Nikashuka mbio mpaka uani, nikafunua chemba. Bluu tupu. Bluu ya shati jeupe la Ijumaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, gata lako limeungwa kwenye chemba."

"Sasa ulitaka maji niyapeleke wapi, chumbani kwako?"

"Ndiko yanakokuja, mzee."

Akanishika mkono, akanipeleka kuuona mtaro. Hapo nilikosa la kusema. Mchanga umejaa mpaka usawa wa barabara, juu ya mchanga chupa za maji, juu ya chupa mabunzi ya mahindi ya kuchoma, juu ya mabunzi tairi la bodaboda, na juu ya vyote hivyo mtu kaweka mbao zake anakaanga chipsi. Mzee akapata nguvu. Akasema hata London huko maji ya mvua na ya chooni yanapita bomba moja, kwani Waingereza hawajasoma? Fundi, ambaye alikuwa bado anasubiri chenji na pia chipsi, akamjibu: "Mzee, la London kuna mahali mtu anapita kasimama. Letu hili panya mwenyewe anapita kwa kujibana."

Suala likafika kwa mjumbe. Mjumbe akaitisha kikao chini ya mwarobaini, watu wakajaa, na kila aliyesimama aliapa kwamba kwake hakuna bomba la mvua lililoingia kwenye chemba. Nikaomba nafasi. Nilikuwa nimejiandaa, nimevaa hata viatu vya kufunga. Nikasema kuna watu huko juu, mvua ikianza tu wanafunua mifuniko ya chemba kwa nondo ili uwani kwao pakauke, kisha uchafu wote unatushukia sisi wa chini. Huo ni uungwana? Wenzangu wa chini wakapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele.

Akasimama bibi mmoja wa kule nilikopanga zamani. Akarekebisha mtandio, akanitazama kwa upendo kabisa.

"Mwanangu, mbona ile nondo ni yako? Uliiacha mlangoni pangu siku unahama. Ukasema, bibi, mvua ikija ni kuchomeka hapa na kuinua, maji yanakwenda yenyewe. Tunaitumia mpaka leo, Mungu akubariki. Au unataka tukurudishie?"

Kikao kizima kikageuka kuniangalia. Mjumbe akakohoa. Nikafungua mdomo nijitetee, tone la kwanza likaniangukia puani, la pili likamwangukia mjumbe kwenye daftari.

Watu wakatimka, kila mmoja kwake, na nilijua vizuri kila mmoja anakimbilia kushika nini. Mimi nilikimbilia bafuni, nikatupa gunia la mchanga juu ya mfuniko wa choo, na juu ya gunia nikakaa mwenyewe.