Mume wa Mjumbe

Wenzangu wameoa walimu, wameoa wauguzi, mmoja kaoa mwanajeshi na anaishi kwa adabu. Mimi nimeoa mjumbe wa mkutano mkuu wa jimbo wa CCM. Cheo hicho hakina mshahara wala bima, lakini kura za maoni, zile za wajumbe kupendekeza nani agombee kwa chama, zikipita, lawama zake zinaingia nyumbani kila siku, na anayezipokea mlangoni ni mimi.

Iliyotumaliza ni 2020. Julai ile fomu ya ubunge ilikuwa sh 100,000 tu, na nusu ya nchi ikagundua ghafla kuwa imezaliwa kuongoza. Kwenye jimbo letu (silitaji, nina watoto wadogo) walijitokeza hadi watu ambao mara ya mwisho kuonekana kijijini kwao walikuwa wanaanza darasa la kwanza. Wote wakapita kwangu, tena usiku. "Shemeji, mjumbe yupo?" Sijawahi kuwa na mashemeji wengi kiasi kile. Na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wasihangaike na mimi, walileta salamu tu. Salamu na sukari kidogo. Mke wangu alimsikiliza kila mmoja mpaka mwisho, akawajibu wote jibu moja: "Wewe ondoa shaka."

Wakaondoa shaka kweli. Siku ya siku kura zikahesabiwa hadharani, na mgombea mmoja ambaye ukijumlisha ahadi alizopewa ana wajumbe wengi kuliko viti vya ukumbi, akaambulia sifuri. Siyo moja. Sifuri! Nchi nzima ilikuwa inalia kilio hichohicho, ndipo ukazuka ule msemo kwamba wajumbe si watu wazuri. Kwenye daladala watu wanausema wanacheka. Nani atacheka na mimi, ambaye nalala na mjumbe kitanda kimoja?

Aliyeongoza kwetu tumwite Mhandisi. Wa pili akawa mbunge aliyemaliza muda wake, huyo tumwite Mheshimiwa. Timu Mhandisi wakachinja mbuzi usiku uleule, na mbuzi yule alikufa bure, maana yale ni maoni tu, mwenye neno la mwisho ni Dodoma. Agosti Halmashauri Kuu ya chama ikarudisha majina, na kama ilivyotokea kwenye majimbo kadhaa mwaka ule, wa kwanza chali, wa pili ndiye mgombea. Timu Mheshimiwa nao wakataka mbuzi.

Uongozi ukaitisha kikao cha kuvunja makundi. Mchakato umekwisha, ndugu zangu, sasa tuna mgombea mmoja, makundi basi. Watu wakashikana mikono, mpaka machozi yakatoka. Makundi yakavunjika saa tano asubuhi. Saa saba pilau likaiva, na kwenye foleni ya sahani yalikuwa yameshajipanga upya, Mhandisi kushoto, Mheshimiwa kulia, na mke wangu katikati hana wa kumpisha, kwa sababu kila upande una uhakika alipigia upande ule mwingine.

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kina kiti kimoja cha kunyolea na benchi moja, na benchi hilo ndilo limebeba chama. Asubuhi anakuja mwenyekiti wa Timu Mhandisi, mstaafu wa heshima zake, namwita mzee wangu. Nimeshapitisha mashine upande wa kulia wote, nahamia kushoto, akaingia katibu wa Timu Mheshimiwa akasema, "Asalaam aleikum." Mzee hakuitika. Akavua kitambaa shingoni, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kioo, akatoka. Na nusu kichwa! Upande mmoja unang'aa, upande mwingine mvi zimesimama, na barabarani anatembea kifua mbele. Hakulipa. Nilipomfuata akaniambia nidai kwa waliomkata Mhandisi.

Msibani nako hivyohivyo. Alipofariki balozi wetu wa zamani wa nyumba kumi, rambirambi ziliandikwa kwenye madaftari mawili. Marehemu ni mmoja, jeneza moja, shimo moja, madaftari mawili. Nilichanga kote kuwili ili mke wangu asisemwe, akasemwa kwamba anacheza kotekote.

Haya, tuseme ni mambo ya 2020. Mjomba wangu je? Yeye jeraha lake ni la 2015, jina la Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetaka kugombea urais kwa CCM, lilipokatwa Dodoma, huku wajumbe wa Halmashauri Kuu wakiimba ukumbini kuwa wana imani naye. Tarehe 28 Julai Lowassa akatangazwa kujiunga na wapinzani, Chadema, na mjomba akamfuata siku hiyohiyo. Mashati ya kijani akayafanya matambara ya kufutia pikipiki, akavaa magwanda ya Chadema, akawa anazungusha mikono kama kocha anayeomba mabadiliko. Shangazi, mkewe, yeye akabaki na Magufuli, mgombea wa CCM. Magufuli akashinda kwa asilimia 58, nyumba ikagawana hadi redio. Mjomba akavumilia. Machi 2019 Lowassa, Mungu amrehemu, akarudi zake CCM, ofisini Lumumba, akapokewa na Magufuli mwenyewe kwa tabasamu. Mjomba hakupewa taarifa! Aliyemfuata karudi nyumbani, yeye kabaki nje na magwanda. Chadema wanamwita mamluki, CCM wanamwita msaliti, na shangazi anamuuliza kwa upole, "Baba fulani, lile shati la kijani nikutafutie?"

Na Mhandisi wetu na Mheshimiwa? Wale walipatana zamani. Niliwaona kwa macho yangu kwenye harusi moja mjini, meza ya mbele, mmoja anamchagulia mwenzake kipande cha kuku, wanacheka mpaka wanapigana mabegani. Nikamsimulia mzee wa nusu kichwa, nikidhani nyoyo zitalainika. Akaniambia picha hiyo imetengenezwa na kompyuta.

2025 nilidhani nitapumua. Fomu ilipanda hadi sh 500,000, mashemeji wakapungua. Kisha wajumbe wakaongezwa, sasa kila nyumba ya tatu mtaani ina mjumbe, na thamani yangu ya ushemeji ikashuka kuliko bei ya nyanya msimu wa mvua. Lawama lakini hazikupungua. Sasa tunalaumiwa kwa jumla.

Leo asubuhi simu imeita, namba ngeni, sauti tamu ya kiume. Anasema anajipima kwa ajili ya 2030. Anauliza, "Shemeji, mjumbe yupo?" Nimemwambia mjumbe hayupo, ila kama anataka kunyoa aje. Kasema anakuja, na ataleta wenzake. Nimemuuliza ni timu gani hao wenzake, kwa sababu benchi ni moja.